P10 au P4.81? Skrini kubwa kwa watu 800 katika uwanja wa shule

Swali: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vijana mtaani Umoja, Nairobi. Jumamosi moja ya Agosti tunataka kuonyesha mechi mbili katika uwanja wa shule ya msingi, ya kwanza saa kumi alasiri na ya pili saa moja usiku. Tunatarajia watu kama 800. Mwenye skrini ametupa bei mbili: P10 yenye upana wa mita 5.76 na kimo cha mita 3.84, na P4.81 ya mita 6 kwa 3.5, ambayo ni ghali zaidi. Anasema zote ni kubwa sawa. Je, tofauti ya bei ina maana? Na tunaweza kutumia stima ya shule?

Jibu: Dada, kwa mechi ya mpira chukueni P4.81, mradi iwe skrini iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Na hapana, skrini ya kiasi hicho haiwashwi kwa soketi za darasani. Mwenye skrini hakuwadanganya aliposema zinakaribiana ukubwa, ila mita za mraba hazikwambii mengi. Kama watu wenu wataona mpira au hawatauona, hilo huamuliwa na hesabu ya nukta, mahali jua lilipo, na stima iliyo nyuma ya skrini.

Tuanze na nukta. Hizi ni skrini za LED, yaani uso wake umejaa taa ndogo ndogo, na P ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya nukta moja ya mwanga hadi katikati ya nukta jirani. Skrini ya P10 yenye upana wa mita 5.76 ina nukta 576 kwa upana na 384 kwa kimo. Jumla yake ni 221,184. Ile ya P4.81 hujengwa kwa makabati, yaani vipande vya skrini vinavyoungwa pamoja, vya sentimita 50 kwa 50, na kila kabati lina nukta 104 kwa 104. Makabati 12 kwa upana na 7 kwa kimo yanawapa mita 6 kwa 3.5 na nukta 1,248 kwa 728, yaani 908,544. Eneo ni karibu lile lile, lakini nukta ni mara nne.

Uchukulie mpira wenyewe. Kipenyo chake ni sentimita 22 hivi. Kamera kuu ya televisheni ikiwa inaonyesha mita 55 hivi za uwanja, mpira huwa na nukta 7 au 8 katika picha kamili yenye upana wa nukta 1,920. Picha hiyo ikibanwa iingie kwenye nukta 1,248, mpira hubaki na nukta 5. Ikibanwa hadi 576, hubaki na nukta 2. Nukta 2 nyeupe zinazokimbia juu ya nyasi: watu watakuwa wanafuata wachezaji na kukisia mpira uko wapi. Namba za jezi hazitasomeka hadi kamera isogee karibu.

P10 si skrini mbaya. Katika uwanja wenye njia ya riadha, kama Kasarani au Nyayo, mtazamaji wa upande wa pili yuko zaidi ya mita 100 kutoka kwenye skrini, na kumwekea P4 huko ni kumwaga pesa. Jicho zima huanza kuunganisha nukta za P10 ziwe picha moja kuanzia mita 34 hivi, za P4.81 huungana kuanzia mita 16 au 17. Sasa pimeni uwanja wenu. Watu 800 wakikaa kwa nafasi, wawili kwa kila mita ya mraba, wanahitaji mita za mraba 400, tuseme 20 kwa 20. Mkiacha mita 6 wazi mbele ya skrini, mtu wa mwisho yuko mita 26. Maana yake, kwa P10, hata yule wa nyuma kabisa bado anaona vitone, sembuse watoto ambao bila shaka watakaa chini mstari wa mbele. Kanuni ya haraka ya mafundi, ya umbali wa chini kabisa wa kuvumilika, ni kuisoma namba ya P kama mita: P10, usikae karibu zaidi ya mita 10, P4.81, mita 5.

Kimo kinatosha. Kwa mpira, mtu wa mwisho asizidi mara nane ya kimo cha picha: 3.5 mara 8 ni mita 28. Wakija 1,500 mtalazimika kwenda kwenye mita 8 kwa 4.5. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 2 kutoka ardhini, la sivyo waliosimama mbele watakula robo ya picha ya walio nyuma. Jambo hili dogo husahaulika mara nyingi, kwa sababu ni rahisi kusimamisha skrini chini kuliko kuiinua.

Sasa jua, ambalo ndilo litakalowaumiza katika mechi ya kwanza. Agosti jua la Nairobi hupita upande wa kaskazini na kuzama magharibi, likiegemea kaskazini kidogo, kama saa kumi na mbili na nusu. Skrini ikitazama magharibi, kuanzia saa tisa jua linaipiga usoni na rangi zinafifia. Ikitazama mashariki, uso wake uko kivulini lakini watu wote wanaangalia magharibi na jua liko machoni mwao. Isimamisheni ukutani mwa kaskazini mwa uwanja, uso wake ukitazama kusini: jua la Agosti haligusi uso wake hata kidogo, na kwa watazamaji liko kushoto. Mkirudia shughuli hii Desemba, geuzeni: skrini ikae kusini itazame kaskazini. Ikiwa jengo la shule linawalazimisha kuitazamisha magharibi, sogezeni mechi ya kwanza au mtafute kivuli cha ghorofa.

Mwangaza hupimwa kwa niti. Skrini ya nje inatakiwa kutoa niti 5,000 au zaidi. Skrini za ndani, zile za kumbi za harusi na mikutano, hutoa 800 hadi 1,200, na saa kumi alasiri uwanjani zinaonekana kama televisheni iliyozimwa. Hapa ndipo penye hatari kwenu, maana P4.81 na P3.91 hutengenezwa za aina zote mbili, na kabati la ndani na la nje yanafanana kwa umbo. Ili kuzitofautisha, sogea karibu na uitazame moduli, kile kibao cha taa kinachounda uso wa kabati. Ya nje ina gundi ya kuzuia maji iliyojaa katikati ya taa, na juu ya kila mstari wa taa kuna ukingo mdogo wa plastiki nyeusi kama kope, wa kukinga jua. Nyuma ya kabati, mlango una mpira wa kuziba pande zote na soketi zina vifuniko. Kwenye karatasi itaandikwa IP65 kwa uso, kiwango cha kukinga vumbi na maji. Ukiona ubao wa saketi wazi nyuma ya kabati, hiyo ni ya ndani, hata ukiapiwa vipi.

Msikubali kuonyeshwa skrini stoo. Ombeni makabati mawili yatolewe nje saa saba mchana, yawashwe nyeupe tupu, kisha nyekundu, kijani na buluu. Nyeupe itawaonyesha viraka: moduli za viwanda au miaka tofauti zikichanganywa, moja inaegemea waridi na jirani yake inaegemea buluu, na nyasi za uwanja zitaonekana kama nguo iliyoshonwa vipande. Rangi moja moja zitawaonyesha nukta zilizokufa. Nukta tatu nne kwa kabati si neno. Mstari mzima uliokosa rangi moja ni moduli ya kubadilishwa kabla ya siku yenyewe. Piga picha kwa simu pia: ikionyesha mistari myeusi inayopanda na kushuka, kasi ya skrini ya kujiandika upya iko chini. Kwa macho si tatizo, lakini kama kuna atakayerekodi video ya shughuli, ulizeni skrini ya 3,840 kwa sekunde badala ya 1,920.

Stima ndiyo inayoharibu shughuli nyingi kuliko skrini yenyewe, kwa hiyo hapa nisomeni polepole. Skrini ya nje ya aina hii hula hadi wati 700 kwa mita ya mraba ikiwa nyeupe yote na mwangaza umejaa. Mita 21 za mraba mara 700 ni wati 14,700. Mechi yenyewe, ambayo ni kijani kwa sehemu kubwa, hula kama theluthi ya hiyo, lakini tangazo moja lenye mandhari meupe linatosha kuipandisha hadi juu kwa sekunde chache, na breka haijui kwamba ni tangazo. Soketi ya amperi 13 hutoa wati 3,100 hivi. Ndiyo maana ya lile "hapana" la mwanzo.

Tafuteni jenereta ya dizeli ya fazi tatu (laini tatu za stima), ya kVA 30 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta), yenye kidhibiti cha volteji. Mbona 30? Kila kVA huhesabiwa kama wati 800 za kazi halisi, kwa hiyo wati 14,700 ukizigawa kwa 800 unapata kVA 18 na kidogo. Jenereta haitakiwi kubeba zaidi ya robo tatu ya uwezo wake kwa muda mrefu, hivyo mko kwenye 25. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza asilimia 10 au zaidi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Itakunywa lita 3 hadi 5 za dizeli kwa saa. Ijazeni kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu kuongeza mafuta jenereta ikiwa inanguruma gizani, katikati ya umati, hakufai.

Makabati huunganishwa kwa mnyororo: stima inaingia kabati la kwanza, inatoka kwenda la pili, na kuendelea. Kila kabati hula hadi wati 175. Fundi mvivu ataunganisha makabati 25 au 30 kwa waya mmoja, na baada ya saa moja plagi ya kwanza itaanza kuyeyuka. Katika skrini yenu hesabu inakaa vizuri: nguzo mbili za makabati 7 ni makabati 14, ambayo ni wati 2,450, karibu amperi 10. Nguzo 12 zinatoa laini 6, laini mbili kwa kila fazi. Kila laini iwe na breka yake na waya wa milimita za mraba 2.5. Washeni laini moja moja, mkisubiri sekunde kadhaa kati yake. Zikiwashwa zote kwa mpigo, mkupuo wa kwanza wa stima huangusha breka kuu.

Kabla ya kabati lolote kuunganishwa, fundi apime kwa mita kila fazi dhidi ya nyutro (waya wa kurudisha stima), moja baada ya nyingine. Zote ziwe kati ya 220 na 240. Nyutro ikiwa imelegea, fazi moja inashuka na nyingine inapanda kuelekea volti 415, na mtasikia pauza za skrini (vifaa vya kugeuza stima ndani ya makabati) zikipasuka moja baada ya nyingine kama bisi. Ni hitilafu ya kufunga skrubu moja, na gharama yake ni nusu ya skrini. Waya wa ardhini nao usiwe wa kuulizwa mara mbili: jenereta, fremu ya chuma na makabati vyote viunganishwe kwenye nondo ya ardhini, maana watoto watashika zile nguzo.

Vipaza sauti viwe na jenereta yao. Vikichangia fazi na skrini, kila besi ikipiga volteji inayumba na picha inapepesa. Kwa dekoda na prosesa, ile mashine ya kugawa picha kwenye skrini, wekeni UPS (betri ya akiba) ndogo ya kVA 1. Stima ikikatika sekunde mbili, skrini inarudi papo hapo, lakini dekoda huchukua dakika kadhaa kuwaka upya, na dakika hizo ndizo goli huingia.

Kwa upande wa picha, kuna mitego mitatu inayojirudia. Wa kwanza ni ulinzi wa nakala: dekoda nyingi hufunga picha kwenye kebo ya HDMI, na prosesa isiyotambua ufunguo huo huonyesha weusi mtupu, ingawa laptopu na video za majaribio zilionekana vizuri. Kwa hiyo jaribuni kwa dekoda ile ile mtakayotumia, si kwa laptopu. Wa pili ni mwendo. Matangazo ya televisheni hapa kwetu huja kwa picha 50 kwa sekunde. Prosesa ikiachwa kwenye 60, kamera inapofagia uwanja mtaona mpira unaruka-ruka badala ya kuteleza. Mwambieni fundi aweke 50. Wa tatu ni urefu wa kebo: HDMI ya kawaida ikipita mita 15 huanza kukatika. Dekoda ikae jirani na prosesa, kisha kutoka prosesa hadi skrini itumike kebo ya mtandao, ambayo huenda salama hadi mita 80.

Msitegemee intaneti kama chanzo cha kwanza. Mechi ya kwenye simu huchelewa nyuma ya setilaiti, mara nyingi kwa nusu dakika hivi, na kibanda cha jirani chenye dishi kitashangilia goli kabla kona haijapigwa kwenu. Dishi iwe chanzo kikuu, intaneti iwe akiba, kwa sababu mvua kubwa hukata mawimbi ya dishi.

Data nayo ina hesabu yake. Tundu moja la mtandao la prosesa hubeba nukta 650,000 hivi. Nyinyi mna 908,544, kwa hiyo matundu mawili, nguzo sita kwa kila moja. Ombeni mzunguko wa akiba: kebo inayotoka kabati la mwisho irudi kwenye prosesa. Bila hiyo, kabati moja likifa, yote yaliyo baada yake kwenye mnyororo yanazimika. Ndiyo njia ya kusoma hitilafu pia. Mraba mmoja wa sentimita 25 ukizimika, ni moduli au utepe wake. Kabati moja likizimika peke yake, ni pauza. Kuanzia kabati fulani hadi mwisho wa mnyororo, ni kebo ya data au kadi ya kupokea data ya kabati linalotangulia giza. Skrini nzima ikiganda, acheni makabati, angalieni dekoda. Mwenye skrini aje na akiba: moduli zisizopungua 10, pauza 3, kadi za kupokea 2, na ngazi.

Fremu. Makabati 84 ya kilo 8 hivi ni kilo 670 kabla ya chuma. Lakini uzito hausumbui kama upepo. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao huja ghafla kabla ya mvua, husukuma uso wa mita 21 za mraba kwa nguvu ya karibu kilo 300, na nguvu hiyo inasukuma kwenye kimo cha karibu mita 4. Miguu ya fremu itoke angalau mita 2 mbele na nyuma, na pande zote mbili za nyuma kuwe na tangi la maji la lita 1,000, lililojaa, likiwa limefungwa kwenye fremu kwa mikanda ya kukaza. Tangi lililowekwa karibu bila kufungwa halizuii kitu. Msiruhusu mdhamini atundike bango la turubai juu au kando ya skrini, anaongeza tanga. Tena Umoja mko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi: mkavu ni kama saruji, ukinywa maji unakuwa uji. Chini ya kila mguu wekeni mbao nene za nusu mita kwa nusu mita, na mtu akague kwa pima maji kabla ya kila mechi. Uzio wa kamba uwe mita 6 mbele na mita 4 nyuma na kando. Upepo ukianza kurusha vumbi na karatasi, ondoeni watu kwanza, mechi baadaye.

Jua likizama, punguzeni mwangaza. Anzeni na asilimia 100 saa kumi, shukeni taratibu, na kufikia saa moja usiku muwe kwenye 20 au 30. Ikiachwa juu, macho yanauma, nyuso za wachezaji zinaungua kuwa nyeupe, na mnachoma dizeli bure. Hapo pia niseme wazi: kama mechi zote mbili zingekuwa za usiku, ningewashauri projekta ya lumeni 10,000 na kitambaa cheupe, kwa bei ndogo zaidi. Ni ile ya saa kumi inayowalazimisha LED.

Kuhusu ruhusa: dekoda ya nyumbani haiwapi haki ya kuonyesha mechi hadharani. Mwandikieni mwenye haki za matangazo mapema na mpate jibu lililoandikwa, hata kama hamtozi kiingilio. Kituo cha polisi na ofisi ya kaunti nao wapate barua, pamoja na idhini ya shule.

Mafundi wanne husimamisha skrini hii kwa saa nne hivi ardhi ikiwa kavu. Isimamisheni Ijumaa asubuhi. Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri, washeni nyeupe yote kwa dakika kumi mkishika plagi kuona kama zinapata joto, kisha wekeni dekoda na mtu mmoja asimame mita 26 nyuma, upande wa kulia kabisa, mwingine upande wa kushoto. Kama hawasomi matokeo yaliyoandikwa kwenye kona ya picha, bado mna usiku mzima wa kugeuza fremu.